Gombe ukiwa safari ya kazi Kigoma: namna ya kuwaona sokwe bila kuiharibu safari ya familia

Septemba ikiingia, wageni wa kazi huanza kumiminika Kigoma. Kuna wa ukaguzi, kuna wa mafunzo ya kanda, kuna wa vikao vya kutathmini robo ya kwanza ya mwaka wa fedha. Siku hizi wengi huja na familia, maana wamesikia sokwe wa Hifadhi ya Taifa ya Gombe wako jirani, kilomita 16 tu kaskazini mwa mji. Na wengi huondoka bila kumwona hata mmoja.

Oktoba moja mwenzangu wa kazi kutoka Dodoma alifika Kibirizi, ufuko wa boti za kwenda Gombe, Jumapili saa tatu asubuhi, na mkewe, watoto watatu, hotipoti la chapati na katoni ya maji. Jumapili boti za abiria haziendi. Akatafuta boti ya kukodi, akatajiwa bei ambayo hakuwa amejiandaa nayo. Alipokubali kujikamua, akaulizwa umri wa watoto. Wawili walikuwa hawajafika miaka 15. Yule wa mwisho, wa miaka tisa, alikaa kwenye mchanga akalia mpaka mimi niliyewasindikiza nikageuka upande wa ziwa.

Nimeyaona makosa haya yakijirudia, na mzizi wake ni mmoja: mtu anaipanga Gombe kwa saa za kikao chake. Gombe ina saa zake. Anza na boti na sokwe, kisha pachika kazi na familia mahali pake. Ukianza na kazi, utaishia Kibirizi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kitambulisho cha NIDA au namba yake kwa kila mtu mzima. Raia hulipa kiwango cha chini sana kuliko mgeni wa nje, lakini lazima uonyeshe kwamba wewe ni raia.
- Cheti cha kuzaliwa cha kijana aliyevuka miaka 15 juzijuzi. Mtoto mwenye umbo dogo asiye na cheti ni ubishi usio na mwisho.
- Pesa za namna mbili. Za hifadhi ziwe benki au kwenye simu. Za boti, bajaji na bodaboda ziwe taslimu, na noti ndogondogo.
- Barakoa, mbili kwa kila mtu. Ya kwanza italowa jasho mlimani.
- Chakula chote cha siku zenu, kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana. Mfuko wa kitambaa ni zawadi kwa nyani.
- Viatu vyenye meno, suruali ndefu na soksi ndefu za kuchomekea suruali ndani yake. Siafu wapo, na hawabishi hodi.
- Koti la mvua na mfuko usiopitisha maji wa kuweka simu na nyaraka.
- Jaketi okozi lako mwenyewe, ukiweza kuazima au kununua. Usitegemee lililo kwenye boti mpaka uwe umeliona kwa macho.
- Tochi, dawa ya kupaka ya mbu, maji ya kunywa, na pawabenki iliyojaa chaji.
- Miwani ya kuogelea kwa watoto wadogo. Sababu utaiona hatua ya nane.

## Hatua ya 1: Chagua wiki

Kigoma hatuna vuli na masika vya kupokezana kama pwani. Mvua yetu ni ya msimu mmoja mrefu. Kwa kawaida huanza Oktoba au Novemba na kutuacha Aprili au Mei. Kwa hiyo kipindi cha Septemba hadi Novemba kina sura mbili, na kila moja ina faida yake.

Septemba hadi katikati ya Oktoba njia ni kavu, majani yamepungua, na picha hutoka vizuri. Ila matunda ni ya kutafuta, sokwe hutembea mbali zaidi, na wewe utatembea nyuma yao. Kama unakwenda na mzazi mwenye umri mkubwa kidogo au mtu mwenye magoti mabovu, chagua kipindi hiki na umwambie ukweli kuhusu milima.

Novemba mteremko unateleza na koti la mvua halitoki mwilini, lakini sokwe hawaendi mbali sana. Halafu kuna mchwa. Mvua za kwanza zikilainisha vichuguu, sokwe wa Gombe huingia kwenye msimu wao wa kuvua mchwa kwa vijiti, kitendo kilichoifanya hifadhi hii ijulikane duniani. Mimi mwenyewe, kwa miguu yangu hii, nachagua Novemba mwanzoni kila nikipata nafasi.

Tazama pia kalenda ya shule. Mwenye mtoto wa darasa la saba asiguse Septemba kabla ya mtihani, na mwenye kijana wa kidato cha nne aachane na Novemba. Sikukuu ya Nyerere, Oktoba 14, inakupa siku ya ziada bila kuomba ruhusa, lakini kumbuka wenzako nao wameiona kwenye kalenda. Nafasi za kulala zitafutwe mapema.

Hatua hii imekamilika ukiwa na wiki mbili zinazofaa, si moja. Kikao kikisogezwa, unahamia ya pili.

## Hatua ya 2: Hesabu siku kuanzia kwenye boti

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo soma polepole.

Boti za abiria zinazoelekea kaskazini, vijiji vya Mwamgongo hadi Kagunga, huondoka Kibirizi karibu na saa sita mchana, Jumatatu hadi Jumamosi. Zinajaza watu, magunia, madumu, magodoro, kuku, na zikishajaa ndiyo zinang'oa. Hadi Kasekela, ambako ndiko makao ya hifadhi, ni mwendo wa saa tatu hivi, pengine nne. Kwa hiyo unafika alasiri, wakati kazi ya kuwafuata sokwe ya siku hiyo imeshapita. Lazima ulale.

Kurudi, boti zinazokwenda mjini hupita Kasekela mapema asubuhi, hata saa moja. Saa hiyo ndiyo unayopaswa kuwa unaelekea mlimani kwa sokwe. Huwezi kufanya vyote viwili asubuhi moja. Kwa boti ya abiria, Gombe ni usiku mbili. Mtu akikwambia usiku mmoja unatosha, ujue ana boti ya kukodi kichwani, au hajawahi kwenda.

Hesabu inayofanya kazi kwa mtu wa safari ya kazi ni hii:

- Alhamisi: kazi iishe kabla ya saa nne asubuhi. Saa tano uwe Kibirizi. Jioni uko Kasekela.
- Ijumaa: sokwe asubuhi, maporomoko ya maji au kupumzika mchana. Kulala.
- Jumamosi: boti ya alfajiri, mchana uko mjini na familia.
- Jumapili: siku ya familia nzima.
- Jumatatu: safari ya kurudi nyumbani.

Ukikodi boti, mwendo ni kama saa moja na nusu, na unaweza kuondoka Ijumaa alasiri ukarudi Jumamosi mchana baada ya sokwe. Bei ya boti ni ya safari nzima, si ya kichwa. Mkiwa wawili inauma. Mkiwa sita wa semina moja inashikika. Kabla ya kusema hutaiweza, tangaza kwenye kundi la washiriki wa mafunzo. Mara nyingi wapo watatu wengine waliokuwa wanawaza jambo hilohilo kimyakimya.

Onyo: usipange ndege au treni siku ileile unayotoka Gombe. Ziwa likichafuka, boti haitoki, na hakuna wa kumlalamikia.

## Hatua ya 3: Gawanya familia kwa umri, mezani, kabla ya safari

Aliye chini ya miaka 15 haruhusiwi kuwafuata sokwe Gombe. Sheria hii haibembelezeki, na ukijua sababu hutaitaka ibembelezeke.

Sababu ya kwanza ni ugonjwa. Sokwe ni ndugu zetu wa karibu kiasi kwamba mafua yetu huwa nimonia yao. Mwaka 1966 polio iliwapiga sokwe wa Gombe, wengine wakafa, wengine wakabaki na viungo vilivyopooza. Na baadaye magonjwa ya njia ya hewa yamewaondoa wengine tena na tena. Watoto ndio wabebaji wakubwa wa mafua na surua. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Sokwe huwinda. Mawindo yao makubwa Gombe ni mbega wekundu, na mtoto mdogo wa binadamu ana ukubwa wa mawindo. Mwaka 2002 dume aliyeitwa Frodo alimuua mtoto mchanga ndani ya hifadhi. Simwandikii mtu haya kumtisha. Naandika ili asiwepo mzazi wa kumnong'oneza afisa "huyu ni mkubwa kwa umri, ni mfupi tu".

Wazo la kuwapeleka wadogo wakusubiri ufukweni Kasekela nalo liache. Nyani ni wengi pale, wamezoea watu, na mtoto mwenye ndizi mkononi hatabaki nayo.

Kwa hiyo amueni nyumbani, kabla ya kukata tiketi: nani anapanda boti, nani anabaki mjini na wadogo. Na hapa nina neno kwa akina baba wenzangu. Tusifanye kwamba baba ndiye wa sokwe na mama watoto ndiye wa kulinda. Wewe umeshalala hoteli siku tatu kwa kazi. Yeye amesafiri na watoto. Mwaka ambao mke wangu alikwenda yeye na binti yetu mkubwa, nami nikabaki mjini na wadogo, ndio mwaka ambao bado unasimuliwa kwetu mpaka leo.

Wadogo waambiwe mapema kwamba wana siku yao, kwa jina, na waijue ratiba yake. Mtoto anayejua Jumapili ni yake hatalia Kibirizi Alhamisi.

## Hatua ya 4: Tenganisha ya ofisi na ya nyumbani

Fupi lakini muhimu. Omba ruhusa ya siku zako kwa maandishi kabla hujasafiri, si kwa simu ukiwa Kigoma. Kibali cha safari kikisema unamaliza Alhamisi, usiku wa Ijumaa usiuombee posho. Masurufu ya ofisi yasinunue hata soda ya mtoto. Gari la ofisi lisipeleke familia Kibirizi. Bajaji zipo na ni mwendo wa dakika chache.

Utalala usingizi mzuri Kasekela ukijua hakuna karatasi itakayokufuata.

## Hatua ya 5: Lipia na uthibitishe nafasi kabla ya kugusa maji

Hifadhi ni ya TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa, na malipo yake hayapokelewi mkononi. Unapewa namba ya malipo, unalipa benki au kwa simu, unabaki na risiti. Fanya hivi ukiwa mjini, ambako mtandao ni wa uhakika. Kufika Kasekela jua linazama huku simu ikitafuta mnara ni mateso ya kujitakia.

Wasiliana na ofisi ya hifadhi walau wiki mbili kabla. Uliza mambo manne na uandike majibu: kiingilio cha raia kwa siku, ada ya kuongozwa kwenda kwa sokwe, gharama ya kulala kwenye nyumba za wageni au kupiga hema, na kama boti ya hifadhi inapatikana kwa kukodi. Kiingilio ni jambo moja, kuongozwa kwa sokwe ni jingine. Wanaohesabu kimoja tu ndio wanaoishiwa pesa.

Uko tayari ukiwa na risiti kwenye simu, nakala ya karatasi mfukoni, na jina la afisa wa zamu atakayekupokea.

## Hatua ya 6: Kibirizi na ziwa

Fika saa tano. Usingoje saa sita, kwa sababu saa sita ya boti ni saa ya kujaa, na boti ikijaa mapema haikusubiri. Waulize watu wawili tofauti boti ipi inasimama Kasekela. Mwambie nahodha mwenyewe, si mpiga debe, kwamba unashukia hifadhini, na akuitikie.

Kabla ya kupanda angalia vitu vitatu: majaketi okozi yako wapi na ni mangapi, boti imezama kiasi gani kwa mzigo, na mbingu ya kusini ikoje. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa wa asubuhi hiyo. Tanganyika si bwawa. Ni ziwa la pili kwa kina duniani, karibu mita 1,470, na upepo wa alasiri unaweza kuinua mawimbi ya kulowesha kila kilichomo. Asubuhi kwa kawaida ni shwari zaidi. Mwenye boti ya kukodi, akiweza, apange hivyo.

Kama kitu kimoja kati ya hivyo kinakutia shaka, shuka. Nauli utaipata tena.

Kaa upande wa kulia mkielekea kaskazini. Mtapita vijiji vyenye michikichi na mihogo iliyoanikwa, vilima vimevuliwa miti hadi juu, halafu ghafla, kama mtu aliyechora mstari, msitu unaanza. Hapo ndipo Gombe.

## Hatua ya 7: Usiku wa Kasekela na asubuhi ya sokwe

Ukishuka, jiandikishe, kisha uliza saa ya kuondoka kesho na jina la atakayewaongoza. Madirisha ya nyumba za wageni yana nyavu za chuma. Si mapambo, ni ya nyani. Mlango ufungwe hata ukitoka kwa dakika moja kupiga mswaki. Usile nje ukitembea. Nyani akikunyang'anya kitu, mwachie. Meno yake ni marefu kuliko ya mbwa.

Mgeni wa Dar es Salaam akumbuke kwamba jua la Kigoma huchomoza kama dakika 40 baada ya la kwao. Saa kumi na mbili asubuhi bado ni giza. Usiamke ukadhani umechelewa, wala usilale ukadhani bado.

Sokwe hujenga kitanda kipya cha matawi juu ya mti karibu kila jioni. Wafuatiliaji wa hifadhi huwaangalia wanapolala, na alfajiri hurudi palepale kabla hawajaamka. Utafiti ulioanza hapa Julai 1960 haujakatika hadi leo, ndiyo sababu hawa sokwe hawakimbii watu na kila mmoja ana jina, na watoto hupewa majina yanayoanza na herufi ya mama: Flo akamzaa Fifi, Fifi akamzaa Frodo. Mwongoza njia wako atakwenda akiwasiliana na wafuatiliaji kwa redio. Wakati mwingine ni nusu saa. Wakati mwingine ni saa nne za kupanda korongo moja na kushuka jingine, mkishika mizizi.

Masharti mtakayosomewa ni haya, na kila moja lina maana:

- Kundi lisizidi watu sita.
- Umbali usipungue mita kumi. Wao wakisogea, nyinyi rudini.
- Barakoa muda wote mkiwa karibu nao.
- Saa moja tu tangu mlipowafikia.
- Hakuna kula, kunywa, kutema mate wala kumulika kwa mwanga wa kamera.
- Mwenye mafua, kikohozi, homa au kuhara hapandi.

Hilo la mwisho linauma kuliko yote, maana umelipa na umesafiri. Hata hivyo sema ukweli. Sokwe wa Gombe ni kama mia tu. Kikohozi kimoja ulichokificha kinaweza kuondoa ukoo mzima.

Dume akianza kukimbia akiburuta tawi na kupiga mizizi ya mti kwa miguu, usikimbie. Sogea kwenye shina la mti, lishike, tulia, tazama chini. Anawaonyesha wenzake, si wewe. Wengi hupita kama upepo na kwenda kukaa.

Sasa nikwambie utakachotazama ukibahatika kwenda baada ya mvua za kwanza. Asubuhi ya Novemba niliyoikumbuka zaidi, mwongoza njia alitukalisha kwa ishara ya mkono tu. Mbele yetu jike mmoja alikuwa ameketi kwenye kichuguu kama mama aliyekaa kwenye kibao cha mbuzi. Alikwaruza udongo kwa ukucha wa kidole cha shahada mpaka tundu likafunguka. Akachuma unyasi, akaupitisha kati ya midomo kuutoa majani, akaukata ncha kwa meno. Akauingiza taratibu, akiupindapinda kufuata njia ya ndani. Akangoja. Akauvuta kwa upole ule wa mtu anayetoa uzi kwenye sindano, na mchwa askari walikuwa wameng'ang'ania kwa meno yao, kama shanga. Akaupitisha unyasi juu ya mdomo wa chini, akatafuna. Mwanawe, mdogo kabisa, aliokota kijiti mama alichokitupa na kuchoma udongo mahali ambapo hapakuwa na tundu lolote. Alichoma, akavuta, akakikagua, akachoma tena. Hakuna aliyepiga picha kwa dakika nzima.

Kwa hiyo ushauri wangu kuhusu simu ni huu: dakika kumi za kwanza iweke mfukoni. Saa moja ni fupi, na wengi hurudi na picha za mgongo mweusi kwenye majani.

Huenda msiwapate. Hutokea, hasa Septemba. Usimlaumu mwongoza njia wala usimshinikize kwa pesa akuvunjie masharti. Mbega wekundu wapo, pongo wapo, na mchana maporomoko ya Kakombe hayakosi, kivuli na maji yanayoanguka kutoka juu ya mwamba.

Kurudi Jumamosi: saa kumi na mbili na nusu uwe ufukweni na mizigo imefungwa. Afisa aliyepo zamu atakusaidia kuisimamisha boti kwa kuipungia. Usilale ukitegemea kengele ya simu moja.

## Hatua ya 8: Siku ya watoto

Hii si siku ya kufidia. Ipangwe kwa umakini uleule.

Asubuhi, maji. Nendeni fukwe za upande wa Katonga. Ule wa Jakobsen hutoza kiingilio kidogo na ni safi. Hapa ndipo miwani ya kuogelea inapolipa. Ziwa Tanganyika lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya sato, na nyingi hazipo kwingine kokote duniani. Samaki hawa, ambao watu wa nchi za mbali huwanunua kwa bei kubwa kuwafuga kwenye vioo, mtoto wako atawaona bure akiwa amesimama maji ya kiunoni kando ya miamba: wa bluu, wa njano, wenye milia. Mwambie achague mmoja na amfuatilie dakika tano. Atagundua kwamba yule samaki ana eneo lake na anamfukuza kila anayeingia.

Maonyo ya majini ni haya. Ogeleeni penye mawe na maji maangavu. Kichocho hupenda maji yaliyotulia yenye majani karibu na makazi. Ulizeni wenyeji kuhusu mamba kabla mtoto hajavua shati. Mikono isiingizwe kwenye matundu ya mawe, kwa sababu kuna swila wa maji anayekula samaki humo. Ni mwoga, lakini ni swila. Mtu mzima mmoja asiwe na simu mkononi, kazi yake iwe kuhesabu vichwa.

Wakipumzika, wape darubini kama mnayo. Mdiria mweusi na mweupe husimama hewani juu ya maji akipiga mabawa, kisha hujitupa kama jiwe. Furukombe hulia kutoka juu ya mti. Kenge huota jua kwenye mawe. Mtoto wa mjini aliyewahi kuona wanyama kwenye televisheni tu atarudi na vitu vya kusimulia kumshinda kaka yake aliyekwenda Gombe.

Mchana, Ujiji. Chakula kiwe migebuka ya kukaanga na ugali wa muhogo. Kisha makumbusho ya Livingstone, na ile miembe ya mahali Stanley alipomkuta Livingstone. Wadogo wanayasoma haya shuleni, kwa hiyo mwacheni mtoto ndiye awasimulie. Msikae sana ndani. Teremkeni ufukweni ambako mafundi huunda boti za mbao kwa mkono. Ombeni ruhusa kwanza, salimieni vizuri, na mkipata fundi mwenye moyo, atawaacha watoto washike pamba anayozibia nyufa.

Jioni, taa. Giza likishaingia, kaeni mahali pa juu panapoonekana ziwa. Wavuvi wa dagaa huwasha taa kuwavuta samaki juu, na ziwa hugeuka mji mwingine. Lakini angalia kalenda ya mwezi kabla: siku za mbalamwezi dagaa hawakusanyiki kwenye taa, na wavuvi wengi hupumzika. Ukipata usiku wa giza, utajua umeipatia Jumapili yako pale mtoto atakapoanza kuhesabu taa na kugoma kwenda kulala.

## Hatua ya 9: Jumatatu

Kabla ya kituo cha treni au uwanja wa ndege, pitieni soko la Mwanga mnunue dagaa waliokauka vizuri. Wavunje mmoja: akikatika kwa mlio, mkavu; akipinda, mwache. Wafunge kwenye ileile ndoo yenye kifuniko kinachobana mliyobebea chakula Gombe, la sivyo abiria wote watajua mmetoka Kigoma.

Akitokea mtu kupata homa katika wiki au hata miezi michache baada ya kufika nyumbani, apimwe malaria siku hiyohiyo, na amweleze daktari kwamba alikuwa Kigoma na aliingia ziwani.